Mariners dirisha hili wathubutu: uzeni chipukizi, mleteni Skubal

#1 Mzee wa Kent, 3 Novemba 2025

Wakuu, kwema. World Series, fainali kuu ya besiboli Marekani, imeisha juzi, Dodgers kabeba tena, mechi ya 7, raundi ya 11, Toronto wakilia nyumbani kwao. Nimeangalia yote na kila mpira uliorushwa ulinichoma, maana pale tulitakiwa kuwa sisi, Mariners wa Seattle.

Kwa wasiofuatilia: fainali ya American League, upande wetu wa ligi, mechi ya 7 na Toronto, tunaongoza 3-1 raundi ya 7. Tumebakiza kuwatoa watu wanane tu. George Springer wao akapiga homu rani, mpira ukatoka nje kabisa, wakaingia watatu, 4-3, safari ikaishia hapo. Timu ipo tangu 1977 na katika timu 30 za MLB, ligi kuu, ni sisi peke yetu hatujawahi kukanyaga World Series. Sisemi kushinda. Kukanyaga.

Mabosi wetu wamezoea kuingia sokoni jioni, nyanya zikishashuka bei. Mwaka huu hapana. Mpigaji wetu Josh Naylor, mkataba umeisha, arudi, bei yoyote. Halafu ipigwe simu Detroit: mrushaji wao Tarik Skubal amebakiza msimu mmoja kwenye mkataba. Wapeni chipukizi wetu, wapeni Colt Emerson, wapeni Harry Ford, na wengine wawili wajichagulie wenyewe. Anayesema tuwalinde chipukizi aniambie tunawalindia nini.

Karibuni. Matusi hapana.

#2 Kipepeo wa Tukwila

Nimevuta kiti. Mzee ameanza mapema mwaka huu, kawaida analia kuanzia Januari.

#3 Karani wa Nakuru

Wadau, kwani hii si ile rounders wasichana walikuwa wanacheza primary? Mnalilia rounders?

#4 Mzee wa Kent

Karani, kwenye hiyo rounders yako Shohei Ohtani amesaini dola milioni 700 kwa miaka 10. Kamuulize dada yako aliacha kwa nini.

#5 Hesabu Kali

Mkuu #1, nakuunga mkono nusu. Skubal ni mwamba. Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya 2024 anayo, na ya mwaka huu inatangazwa wiki ijayo, sioni wa kumnyang'anya. Mechi ya 5 ya mtoano dhidi yetu mwezi uliopita alirusha raundi 6 akatutoa watu 13 kwa straiki. Tulikuja kushinda raundi ya 15, Polanco akimalizia, Skubal ameshaoga zamani. Isitoshe warushaji wetu watano wa kuanza, Castillo, Gilbert, Kirby, Woo na Miller, wote wanatumia mkono wa kulia. Huyu wa kushoto. Kimpira inaingia kabisa.

Tatizo wakala wake ni Scott Boras. Wateja wa Boras wengi husubiri wawe huru kwanza ndipo bei ipangwe. Kwa hiyo unatoa vijana wanne kwa msimu mmoja, Novemba 2026 anakwenda kwa mwenye hela. Emerson ana miaka 20. Huyo ungekaa naye hadi mtoto wako amalize sekondari.

#6 Dada wa Everett

Na huyo Skubal amesoma hapa hapa Seattle University! Detroit walimchukua 2018, drafti, ule mgao wa chipukizi, raundi ya 9. Timu zote zilimwona, na sisi tuliokaa naye mji mmoja tukampita mara nane. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko Springer.

#7 Babu Kingdome

Watoto mna haraka. Mimi nipo mji huu tangu uwanja ni ule wa zege, na maneno haya niliyasikia Februari 2008. "Bado mrushaji mmoja tu." Tukamchukua Erik Bedard kutoka Baltimore kwa watu watano, mmoja Adam Jones, mwingine Chris Tillman. Bedard akawa mtu wa majeraha. Jones akaenda kuitwa All-Star, kikosi cha nyota wa ligi, mara tano kule. Na msimu ule ule tukapoteza mechi 101, timu ya kwanza kabisa kulipa mishahara ya zaidi ya dola milioni 100 na bado ikafungwa mechi 100.

Ukitaka kuthubutu, thubutu kwa hela ya tajiri. Usithubutu kwa watoto.

#8 Fundi Mita

Babu kila mwaka na Bedard wake. Castillo mbona humtaji? Julai 2022 tulitoa vijana wanne Cincinnati, akiwemo Noelvi Marte, Oktoba ile ile Castillo kaenda Toronto kawanyamazisha. Tukavunja ukame wa miaka 18.

#9 Dada wa Everett

Fundi, miaka 21. Mtoano wa mwisho ulikuwa 2001, halafu 2022. Toa.

#10 Fundi Mita

Ukame ni ukame, dada. Mbuzi walishakufa.

#11 Mgeni Njia

Samahani wakuu, mimi ni mtu wa Simba, nimeingia uzi huu kwa bahati mbaya nimeshindwa kutoka. Mnaposema "tumetoa vijana wanne", klabu zinalipana ada, au inakuwaje?

#12 Hesabu Kali

Karibu. Ada ya uhamisho kama ya soka hakuna. Ni mtu kwa mtu, na wakati mwingine hela kidogo ya kusaidia mshahara. Kijana akipanda ligi kuu klabu inammiliki karibu misimu sita kabla hajawa huru. Miaka mitatu ya mwanzo wanaweza kumlipa kima cha chini, mwaka huu kilikuwa dola 760,000, hata kama anapiga kuliko wote. Baada ya hapo wanabishana mshahara mbele ya wasuluhishi. Ndiyo sababu chipukizi ndiye sarafu ya soko hili: unapata kazi ya mtu wa milioni 25 kwa bei ya mtu wa benchi.

Mchezaji mwenyewe hana sauti, labda mkataba wake uwe na kipengele cha kukataa, au awe ametimiza miaka 10 ligi kuu na mitano ya mwisho iwe kwenye klabu hiyo hiyo.

#13 Mgeni Njia

Yaani mtu anaamka asubuhi anaambiwa mke na watoto wahamie Detroit?

#14 Hesabu Kali

Hata katikati ya mechi. Ukiona mtu anatolewa raundi ya 4 hajaumia na wenzake wanamkumbatia, ujue ameshauzwa.

#15 Mgeni Njia

Fei Toto angekuwa huko tusingekosa usingizi miezi yote ile. Endeleeni, nipo.

#16 Kipepeo wa Tukwila

Mimi nina swali la msingi kuliko Skubal. Kwa nini wapigaji wakubwa wakiwa huru hawaji Seattle? Mwaka huu sokoni kuna Kyle Tucker, Pete Alonso, Kyle Schwarber, Bo Bichette, na hakuna hata mmoja anayehusishwa na sisi kwa nguvu. Jimbo hili halikati kodi ya mshahara. Mji mzuri. Samaki wapo. Shida nini?

#17 Fundi Mita

Hewa. Uwanja uko karibu na bahari, Aprili na Mei jioni hewa inakuwa nzito na baridi, mpira unapaa unafia mikononi mwa mtu. Adrián Beltré alikuja hapa ametoka kupiga homu rani 48 Dodgers mwaka 2004. Msimu wake wa kwanza kwetu, 19. Akaondoka, akaenda kutengeneza jina Texas, leo yuko Hall of Fame, ukumbi wa magwiji. Mpigaji anayetaka mkataba mwingine mbele anaiangalia hiyo.

#18 Mzee wa Kent

> Hewa.

Cal Raleigh amepiga 60 mwaka huu. Mdakaji! Anachuchumaa usiku kucha halafu anakuja kupiga 60, hakuna mdakaji aliyewahi kufika hata 50. Hiyo hewa yeye anaivutia wapi? Na Nelson Cruz alikuja 2015 akapiga 44, mwaka uliofuata 43, tena si kijana. Hewa ni kisingizio cha wenye hela wasiotaka kutoa hela.

#19 Mtu wa Dallas

Mimi ni wa Texas Rangers, napita tu. Hiyo ya kodi msijidanganye, hata huku Texas haikatwi. Halafu mchezaji anakatwa kodi kila jimbo lenye kodi hiyo analokwenda kucheza, kwa hiyo ile faida ni nusu. Wachezaji wanaichukia Seattle kwa sababu ya ndege. Sisi ndio jirani zenu kwenye kundi, na kutoka kwetu kuja kwenu ni saa nne hewani. Mtu wa New York analala kitandani kwake usiku mwingi kuliko wa kwenu.

#20 Babu Kingdome

Wote mnazunguka mlango. Ni wamiliki. Robinson Canó alikuja Desemba 2013 kwa milioni 240, miaka 10. Alikuja na hewa ipo, na ndege zipo. Alikuja kwa sababu alilipwa. Tangu yule waliogopa. Oktoba 2023 bosi wa usajili, Jerry Dipoto, akasimama kutueleza kwamba timu ikishinda asilimia 54 ya mechi kwa miaka kumi itafika tu. Mwaka ule tulikosa mtoano kwa mechi moja. 2024 tukakosa tena kwa mechi moja. Asilimia hamsini na nne hiyo.

#21 Hesabu Kali

Babu, kuwa na haki. Huyo huyo Dipoto ndiye alimleta Naylor na Eugenio Suárez Julai hii kutoka Arizona, na tumechukua kundi kwa mara ya kwanza tangu 2001. Halafu kuna suala la televisheni hamligusi. Chaneli ya klabu inafungwa mwisho wa mwaka huu, matangazo yanakwenda kuandaliwa na MLB yenyewe. Zamani ile hela ya kebo ilikuwa ya uhakika. Mwenye klabu asiyejua mwakani ataingiza nini kwenye televisheni hasaini mtu miaka kumi.

#22 Mzee wa Kent

Uwanja ulijaa Oktoba nzima. Hela ya televisheni haipo, ya bia je?

#23 Dereva wa Usiku

Hapo kwenye kujaa nishuhudie. Ijumaa ile ya mechi ya 5 na Toronto nilipaki mtaa wa nyuma ya uwanja nasubiri abiria, paa limefunguliwa, redio nimezima maana moyo ulikataa. Raundi ya 8 nikasikia mlio wa kwanza, nikajua wamesawazisha. Nadhani ni Cal. Kabla sijatulia ukaja wa pili, huo sijawahi kuusikia tangu niingie nchi hii, kioo cha gari kikatetemeka. Suárez kapiga homu rani besi zote zikiwa zimejaa. Abiria wangu wa kwanza alikuwa mzee wa makamo na jezi ya Ichiro, namba 51, sauti imekauka haongei, ameshika kikopo cha panzi wa kukaanga. Akaninyooshea nile.

#24 Mgeni Njia

Ngoja. Panzi?

#25 Kipepeo wa Tukwila

Wanauzwa uwanjani tangu 2017. Wa Kimeksiko, na chumvi, pilipili na ndimu. Watu wanapanga foleni.

#26 Muleba Kwetu

Sasa mmefika pazuri. Senene wamefika MLB na hakuna aliyetuambia sisi Wahaya? Wanawatoa mabawa au wanakula na mabawa?

#27 Dereva wa Usiku

Muleba, ni wadogo na wakavu sana, mafuta hawana. Senene ni daraja lingine. Ila nilikula nusu kopo, siwezi kusema uongo.

#28 Muleba Kwetu

Nawasajili Mariners kuanzia leo. Naomba ratiba.

#29 Mubukavu wa Toronto

Bandugu ba Seattle, poleni sana. Springer alituua na furaha, kisha Dodgers wakatuua kwa kweli. Miye nilikuwa pale mechi ya 7. Watu walitoka kimya mpaka kwa treni. Kwa hiyo msifikiri ni ninyi tu.

#30 Fundi Mita

Ahsante ndugu, ila Springer hatumsamehi. Na mimi bado nauliza: kwa nini kocha Dan Wilson alimleta Bazardo pale badala ya Muñoz? Mrushaji wako bora wa kufunga mechi yuko benchi, watu wawili wako kwenye besi, msimu mzima unaning'inia. Kabla hamjanunua mchezaji nunueni kocha.

#31 Dada wa Everett

Fundi, Bazardo alikuwa ametubeba mtoano wote. Angemleta Muñoz raundi ya 7 na akapigwa ya 9 na mwingine, ungeandika hivi hivi majina yamegeuzwa.

#32 Fundi Mita

Ningeandika kwa heshima zaidi.

#33 Hesabu Kali, 13 Novemba

Taarifa mbili. Skubal kapewa Cy Young tena jana, kwa hiyo bei imepanda. Na MVP, mchezaji bora wa msimu, amechukua Aaron Judge wa Yankees, kura za kwanza 17, Cal 13.

#34 Mzee wa Kent

Wizi wa mchana.

#35 Mtu wa Dallas

Judge aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga na bado akapiga homu rani 53. Hakuna wizi. Ila 60 kwa mdakaji, hata mimi ningesita.

#36 Dada wa Everett

Judge atapata nyingine. Mdakaji wa 60 hatumwoni tena sisi. Na angalieni mkataba wake: Machi alisaini miaka sita kwa milioni 105. Juan Soto kachukua 765 kwa Mets. Cal anacheza kwa bei ya kutupa, ndiyo maana nasema nafasi ya kutumia hela ni sasa.

#37 Mukama wa Jinja

Poleni na kura. Mimi nauliza tofauti: kwa nini hamleti Waafrika? Uganda tulipeleka watoto Williamsport, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka 2012, wa kwanza kutoka Afrika. David Matoma wetu yuko kwenye mfumo wa Pittsburgh, anarusha moto.

#38 Babu Kingdome

Pittsburgh hao hao ndio walimpandisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 2017, Mwafrika wa kwanza ligi kuu. Mara ya kwanza kushika gongo akapata hiti. Hata Dar kuna uwanja wa besiboli pale Azania, Wajapani walisaidia. Ila Mukama, hii ni kazi ya miaka 15, na Mzee wa Kent anataka kombe kabla ya Pasaka.

#39 Mzee wa Kent, 17 Novemba

AMERUDI! Naylor kasaini, miaka mitano, milioni 92.5. Soko halijafungua macho sisi tumeshalipa. Nani alisema wanasubiri jioni?

#40 Kipepeo wa Tukwila

Wewe.

#41 Muleba Kwetu

Naylor ndiye yule mnene anayeiba besi?

#42 Hesabu Kali

Ndiye. Kwa mbio ni miongoni mwa wazito kabisa wa ligi, na ameiba besi 30 msimu huu, yaani kukimbilia besi ya mbele bila mpira kupigwa, 19 katika mechi 54 na sisi. Anamsoma mrushaji tu. Anaanza kutembea mapema, wenzake wanamdharau, wakigeuka ameshafika. Ndiyo maana nafurahi kalipwa. Lakini tusiite huu uthubutu. Kumrudisha wako ni kubaki pale pale. Polanco yuko huru na Suárez yuko huru, alipiga homu rani 49 kwa jumla mwaka huu ukichanganya na za Arizona. Hao wakiondoka, besi ya tatu na ya pili anakaa nani?

#43 Fundi Mita

Pili Cole Young, tatu mpeni Emerson akue. Kwa hiyo Mzee, Emerson haendi Detroit.

#44 Mzee wa Kent

Anaenda.

#45 Babu Kingdome

Niwakumbushe 2001, maana mnasahau. Tulimuuza Randy Johnson 1998, Griffey akaondoka Februari 2000, A-Rod akafuata hela Texas Desemba ile ile ya 2000, milioni 252. Nyota watatu wa Hall of Fame tumebaki tunaangaliana.

#46 Mtu wa Dallas

Babu, A-Rod hayuko Hall of Fame. Wawili ndio wapo.

#47 Babu Kingdome

Nimesema wa kiwango hicho. Haya, tukamsaini Ichiro kutoka Japani, watu wakacheka kijana mwembamba vile atapiga nini. Mechi 116 tukashinda, sawa na rekodi ya Cubs ya 1906. Mwaka huu kaingia Hall of Fame kwa kura 393 kati ya 394. Huo ndio uthubutu ninaoutaka, kumwona mtu kabla ya wengine. Munetaka Murakami anakuja sokoni dirisha hili, nani ameongelea?

#48 Hesabu Kali

Murakami alipiga 56 Japani mwaka 2022, nguvu anazo. Ila anakosa mipira mingi sana, na kwetu uwanja wenyewe tayari unawaongezea wapigaji straiki. Ichiro alikuwa hakosi mpira, Babu. Hawa ni watu wawili tofauti kabisa, wanachofanana ni pasipoti.

#49 Dada wa Everett

Mimi ndoto yangu ni ndogo kuliko zenu. Arizona wanasemekana wanasikiliza ofa za Ketel Marte. Anacheza besi ya pili, anapiga pande zote mbili, mkataba mrefu wa bei nafuu. Na alikuwa wetu! Tulimtoa 2016 pamoja na Taijuan Walker tukapata Jean Segura na Mitch Haniger.

#50 Kipepeo wa Tukwila

Klabu yetu kazi yake kulea watoto wa wenzake. Marte wanamtaka kwa nani?

#51 Dada wa Everett

Harry Ford lazima awemo. Ni mdakaji mzuri lakini mbele yake yuko Cal, atakaa benchi hadi azeeke. Ongeza mrushaji kijana na mmoja kati ya chipukizi wetu Montes na Arroyo.

#52 Mgeni Njia

Mimi mtu wa Simba nimeelewa kitu kimoja: Ford anaondoka, iwe Detroit, iwe Arizona. Hilo wote mmekubaliana.

#53 Fundi Mita

Mimi sijakubali. Cal akiumia goti mwezi Mei utaniambia nini?

#54 Mzee wa Kent

Nitakuambia tuna Skubal.

#55 Fundi Mita

Atadaka Skubal?